Namba ngeni inapiga: dalili, chanzo na la kufanya

Anayekushauri "namba usiyoijua usipokee" hafanyi biashara Dar es Salaam. Fundi friji wa Tandika anapata kazi kwa namba ngeni. Mama lishe mwenye oda za ofisini, dereva wa bajaji, dalali wa vyumba Kimara, kijana aliyepeleka barua za kuomba kazi, mzazi mwenye mtoto bweni, wote hao riziki na habari zao huja kwa namba ambazo hazimo kwenye simu zao. Mimi ni wakala wa pesa Mbagala, na kwa siku napigiwa na namba ngeni nyingi kuliko namba za ndugu zangu. Nimeona watu wakilizwa mbele ya dirisha langu, ndiyo maana naandika.

Basi tusianze na kukataa simu. Tuanze na kile ambacho simu yenyewe inaonyesha, tutafute kilicho nyuma yake, kama fundi anavyosikiliza injini kabla hajafungua boneti. Jambo moja litajirudia kila mahali: simu uliyopigiwa haithibitishi kitu. Inayothibitisha ni ile unayopiga mwenyewe, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Kwanza soma namba

Namba za mkononi za hapa nchini huanza na 06 au 07, ambazo kwa urefu ni +2556 na +2557. Inayoanza na 022 ni ya simu ya mezani ya Dar es Salaam, na bado zipo benki, hospitali na ofisi za serikali zinazoitumia. Zamani ukiona 075 ulijua ni Vodacom na 078 ni Airtel. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo tarakimu za mwanzo zinakuambia namba ilizaliwa wapi tu, hazikuambii inaishi wapi leo.

Namba ya kukariri ni 100. Ni ya huduma kwa wateja kwenye mitandao yetu, na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imekuwa ikitangaza kwamba kampuni za simu humpigia mteja kwa 100 pekee. Akipiga mtu kwa 07 au 06 na kusema yuko makao makuu ya mtandao wako, hapo hapo umeshapata jibu.

Ukitaka kujua laini imesajiliwa kwa jina gani, fungua menyu ya kutuma pesa, weka namba hiyo na kiasi kidogo, na jina la mwenye laini litajitokeza kabla hujaweka namba ya siri. Lisome, kisha toka bila kuweka namba ya siri. Ila jina hilo lisikupe imani kupita kiasi. Wapo watu walioweka kidole kwa msajili wa laini chini ya mwavuli barabarani, wakaambiwa "hakijasoma, weka tena", na laini ya pili ikaenda kwa mtu mwingine. Jina linalojitokeza linaweza kuwa la bibi wa watu asiyejua lolote. Piga *106# leo, weka namba yako ya NIDA, uone laini zilizosajiliwa kwa kidole chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako uikatae rasmi, isije ikatumika kumliza mtu kwa jina lako.

Inalia mara moja, inakatika

Hapa kwetu chanzo cha kwanza ni cha zamani kuliko utapeli wenyewe: mtu anabipu kwa sababu hana salio. Namba ya 06 au 07 iliyobipu saa nne asubuhi na kurudia baada ya dakika kumi mara nyingi ni ya mtu mwenye shida ya kweli. Ukiwa na shaka, tuma ujumbe: "Habari, nimeona simu yako, nani mwenzangu?" Mwenye haja atajibu.

Chanzo cha pili ni mtego ambao Wajapani waliupa jina la wangiri, yaani ulie mara moja kisha ukate. Mitambo inapiga maelfu ya namba na kukata, ikingoja wewe urudishe. Unaporudisha, simu inakwenda kwenye namba ya nje ambayo dakika yake ni ghali, na sehemu ya malipo humrudia mwenye namba. Vifurushi vyetu vya ndani havigusi simu hizo, kwa hiyo kinacholiwa ni salio lenyewe. Unasikia muziki, au mlio wa kuita usiokwisha, na kila sekunde inalipiwa. Misimbo ambayo imetajwa sana duniani kwa mchezo huu ni kama +216 ya Tunisia, +232 ya Sierra Leone, +675 ya Papua New Guinea na +269 ya Comoro.

Hapo kwenye Comoro nisimame kidogo. Dar ina watu wengi wenye damu na ndugu Comoro, na Kariakoo ina wateja wa kutoka huko, kama ilivyo na wateja wa Zambia (+260), Malawi (+265) na Kongo (+243). Msimbo wa nje peke yake haumfanyi mtu kuwa tapeli. Kama biashara yako inavuka mpaka, usirudishe simu kwa laini. Hifadhi namba, iangalie WhatsApp kama ina picha au jina la duka, mwandikie. Kama huna ndugu wala mteja nje, iache ilie.

Unapokea, upande wa pili kimya

Mara nyingi ni mtandao mbovu, au mtoto anachezea simu ya mzazi. Nyingine ni mitambo inayojaribu kujua namba ipi ina mtu. Sema "halo" mara mbili, kata. Ikirudia, zuia namba. Hapa hakuna la kuumiza kichwa.

Anamtafuta mtu usiyemjua

"Mama Shamimu yupo?" Huyu usimtukane. Laini isiyotumika muda mrefu hurudishwa sokoni na kuuzwa upya, kwa hiyo ukinunua laini leo, ndugu na wadai wa aliyekuwa nayo wataendelea kupiga. Mwambie namba imebadilika mwenyewe. Lakini usitaje jina lako. Akisisitiza "wewe nani sasa?", huna deni la kujibu.

Anajua jina lako, na anasema usikate simu

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote.

Mwaka jana, saa saba mchana, mama mmoja mtu mzima alifika dirishani kwangu simu ikiwa imebanwa kati ya bega na sikio, mkononi kashika fundo la kitenge. Akafungua fundo, zikatoka noti nane za elfu kumi, zimekunjwa ndogo ndogo. Akaninyooshea kidole kwenye mashine: weka. Nikamwamkia, "Shikamoo mama, tunaweka kwenye namba yako?" Akaniashiria ninyamaze. Pale ndipo niliposikia kijisauti kikitoka kwenye simu yake, cha kijana mwenye adabu kabisa: "Usikate mama yangu, usiongee na mtu, mfumo utajifunga."

Nilichukua kipande cha karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: TAPELI. KATA. Akasoma. Akaniangalia, akaangalia simu, akasita. Nilielewa kinachomshika. Yule kijana alikuwa amemwamkia vizuri, amemwita mama, na kumkatia mtu wa namna hiyo aliona ni kumkosea. Nikaomba simu kwa mkono, akanipa, nikaikata mimi. Ikapigwa tena mara nne tukiwa tumekaa. Kioo kilikuwa na alama za jasho la kidole gumba. Alikuwa ameambiwa laini yake itafungwa jioni hiyo, aweke kwanza pesa yote aliyonayo ili "ihakikiwe", kisha afuate tarakimu atakazosomewa. Tarakimu hizo si uhakiki wa kitu. Ni hatua za menyu ya kutuma pesa, zinazosomwa moja moja kwa mtu asiyeruhusiwa kuangalia anabonyeza nini.

Sasa, jina lako wamelipata wapi? Mama yule ndilo lililomtisha zaidi: "Ananijua hadi jina la ukoo!" Menyu ile ile niliyoieleza juu inampa yeyote jina lako kamili. Daftari la wageni getini, ambako unaandika jina, namba na saa, linakaa wazi kwa kila anayekuja baada yako. Kundi la WhatsApp la wazazi au la kamati ya harusi lina namba mia. Na sisi mawakala tuna madaftari ya miamala. Langu nalifunika, na mteja anaona mstari wake tu. Wakala wako akiacha lake wazi juu ya meza, mwambie.

La kufanya ni fupi: "Samahani kaka, nakata, nitapiga mwenyewe." Kata. Piga 100 kama amejitaja kuwa wa mtandao wa simu. Kama amejitaja wa benki, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako. Mfanyakazi wa kweli hatakuzuia kukata, na hakuna anayehitaji namba yako ya siri, wala nusu yake, wala "tarakimu ya kwanza tu". Uwafundishe wazee nyumbani sentensi hiyo ya kukatia simu. Waisikie kutoka kwako, kwa heshima, ili siku ikifika wasione wamekosa adabu.

Wapo pia wasiotaka pesa moja kwa moja. Anakwambia bonyeza **21*, kisha namba fulani, kisha #, "kuboresha mtandao". Huo ni msimbo wa kuhamisha simu zako zote ziende kwake. Au anaomba tarakimu sita "zilizokuja kwako kwa bahati mbaya". Hizo ni za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake, na baada ya dakika kumi atakuwa anaomba mkopo kwa shangazi zako kwa picha yako. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uweke uthibitisho wa hatua mbili kabla hayo hayajakufika.

"Umenisahau mara hii?"

Huyu hataji jina. Unamuuliza nani mwenzangu, anacheka, "Yaani umenisahau?" Anangoja aibu ikufanye ubahatishe. Ukisema "Ni Juma?", basi yeye ni Juma, yuko njiani kutoka mkoani, amekamatwa na trafiki au mzigo wake umekwama. Dawa ni kutobahatisha. Sema, "Simu imeharibika, majina yamepotea, niambie wewe." Akikataa kujitaja mara ya pili, kata.

Ndugu yake mkali zaidi ni anayesema ni mwalimu wa zamu au muuguzi, na mtoto wako ameanguka. Moyo unaruka, na huwezi kumwambia mzazi asishtuke. Ila dakika mbili zipo. Uliza jina kamili la mtoto, darasa, na hospitali gani, wodi gani. Kisha kata na upige namba ya shule iliyo kwenye fomu ya ada, au ndugu aliye karibu na pale. Mwalimu wa kweli hatakasirika ukisema "nampigia mkuu wa shule sasa hivi". Tapeli atakupigia tena kabla hujamaliza kutafuta namba, maana kazi yake ni kukuzuia usizungumze na mwingine. Hilo la kupiga mfululizo ni dalili kwa lenyewe.

"Nimekosea namba, nirudishie hela yangu"

Kuna vyanzo vitatu, na vinafanana kwa nje. Cha kwanza ni ujumbe wa uongo: umeandikwa kama wa mtandao, una kumbukumbu namba na salio jipya, lakini ukiangalia juu, mtumaji ni namba ya kawaida badala ya jina la huduma. Cha pili ni mtu aliyekosea kweli. Cha tatu ni hela ya wizi: mtu mwingine amelizwa, ameelekezwa kutuma kwako, nawe unaombwa uipeleke mbele, ili polisi wakifuata njia waishie kwenye jina lako.

Kwa sababu huwezi kuvitofautisha kwa kusikiliza sauti, jibu liwe moja kwa wote watatu. Angalia salio kupitia menyu yako, *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, au ya mtandao wako. Usiamini salio lililoandikwa kwenye ujumbe. Kama hela imeingia, usiiguse wala usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige 100 aombe muamala urudishwe, nawe piga 100 utoe taarifa. Aliyekosea kweli ataumia kidogo kwa kusubiri, lakini atapata haki yake. Tapeli ataanza kulia au kutukana.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" uko kwenye ukoo huu. Unatumwa kwa watu wengi gizani, ukitumaini kumpata mmoja ambaye siku hiyo alikuwa atume kodi ya chumba, ada au mchango wa harusi. Usijibu. Usambaze kwenda 15040, namba ya TCRA ya taarifa za utapeli; utapokea ujumbe unaokutaka uandike namba iliyokutumia. Inachukua dakika moja, na namba inayoripotiwa inaweza kufungiwa kabla haijamfikia mwingine.

Anakutukana kwa deni lisilo lako

Simu inapigwa alfajiri: "Wewe ni mdhamini wa fulani, lipa." Hukuweka saini popote. Kilichotokea ni kwamba jirani au mfanyakazi mwenzako alikopa kwenye programu ya simu, na programu ikanyonya majina yote kwenye simu yake, lako likiwemo. Huna deni. Usilipe hata shilingi "ili wanyamaze", kwa sababu ukilipa mara moja unakuwa mtu wa kupigiwa. Hifadhi jumbe zao, zuia namba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na namba yako kuchukuliwa kwenye simu ya mtu mwingine bila ridhaa yako ni jambo la kulalamikia. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Na aliyekopa usimvunjie heshima. Mara nyingi yeye amebanwa kuliko wewe.

Mtandao umepotea ghafla, au wanaokupigia wanapokelewa na mtu mwingine

Ukikosa mtandao, muulize jirani mwenye mtandao huo huo. Naye hana? Tatizo ni la mnara, subiri. Anao? Toa laini, ifute, iweke kwenye simu nyingine. Ikigoma huko pia, usisubiri kesho, kwa sababu huenda kuna mtu amesajili laini yako upya kwenye kadi nyingine na sasa anabahatisha namba yako ya siri. Azima simu ya mtandao ule ule, maana 100 ya mtandao mwingine haitakusaidia, na uombe laini na akaunti ya pesa vifungwe. Kisha nenda dukani na kitambulisho. Kama laini yako imeunganishwa na benki, ipigie na benki.

Kama mtandao upo lakini simu zako zinapokelewa na mwingine, piga *#21# uone kama zimehamishwa. Kuziondoa, piga ##002#.

Pesa imeshaondoka

Fanya haraka, na kwa mpangilio huu. Piga 100 kabla hujampigia ndugu yeyote. Taja kumbukumbu namba ya muamala, kiasi, na namba iliyopokea, uombe kiasi hicho kizuiwe. Kama hakijatolewa kwa wakala, kuna nafasi. Andika jina la aliyekuhudumia na saa. Ukiwa na mtu karibu, yeye aanze kutuma taarifa 15040 huku wewe uko kwenye foleni ya simu. Kisha nenda kituo cha polisi ukaandikishe upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Utapeli wa namna hii unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mtandao wa simu hautatoa taarifa za mwenye namba kwako, utazitoa kwa polisi.

Atakayekupigia kesho yake na kusema anaweza kukurudishia hela kwa ada ndogo ni yule yule, au mwenzake.

Wengi wanaokuja dirishani kwangu baada ya kulizwa wamefuta kila kitu. Wameona aibu, hawakutaka mume au watoto waone. Nawaelewa, lakini ujumbe ule, rekodi ya simu, saa na dakika ndivyo vitakavyoombwa kituoni. Usifute. Vipige picha vikiwa bado kwenye kioo, umtumie mtu mmoja unayemwamini, ndipo utoke kwenda polisi.